Soksi za Mama za Kwendea Kwenye Theluji

Katika manispaa nzima ya Kigoma-Ujiji, kuanzia Kibirizi mpaka nyumba ya mwisho ya Ujiji, hakuna mtu mwingine anayeweza kukaa na sindano tano na bonge la sufu akakutolea soksi ya baridi yenye misokoto ubavuni na ncha isiyo na mshono. Wapo mafundi wa masweta, nawaheshimu. Wapo akina mama wanaofuma vitambaa vya makochi kwa spoku za baiskeli, na vingine vinapita vya dukani. Lakini soksi ya sufu ya kondoo, yenye msokoto, ni mimi peke yangu. Na ya kwanza niliyoifuma hapa nyumbani haikupita kisigino.

Niliondoka Ujiji na begi moja la mgongoni, nikarudi baada ya miaka kumi na mmoja na stashahada ya ubunifu na ufumaji wa nguo. Sikuwa na mjomba wa kunishika mkono. Kule Norwe asubuhi nilifua mashuka katika nyumba ya kulelea wazee, jioni nikakaa darasani na watoto ambao karibu ningeweza kuwazaa, nikisoma kwa lugha niliyojifunza kwenye makopo ya maziwa. Kufuma kwa mkono sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na bibi mmoja katika ile nyumba ya wazee, mkali kama pilipili. Soksi yangu ya kwanza alinifumulisha mara saba, na kila mara alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mara ya nane hakucheka. Sikumbuki sifa ya mwalimu yeyote iliyozidi kimya kile.

Leo nina karakana yangu Kasingirima, mashine tatu za kufuma masweta ya shule, na nyumba yenye madirisha ya alumini. Cheti changu nimekitundika mahali ambapo mteja akikaa lazima akione. Anayetaka kusema najivuna aseme.

Ila habari ya soksi hizi ilianza na mdomo wangu, na hilo nalikubali.

Nyumbani kwa mama, Ujiji, kuna baraza ambalo tangu nirudi halikosi watu kila Ijumaa baada ya swala. Wakitaka habari za Ulaya, wanazipata kwangu. Niliwaambia jinsi taulo nililolianika nje lilivyosimama lenyewe kama ubao. Niliwaambia jinsi mate yanavyoganda kabla ya kufika chini. Na niliwaambia juu ya mtu aliyetembea kwenye theluji na viatu vibovu akapoteza vidole viwili vya mguu. Watu walishika vichwa. Basi kila niliposimulia upya, kidole kikaongezeka. Mwishowe yule mtu alikuwa hana mguu mpaka kwenye kifundo.

Muda wote huo mama alikuwa nyuma ya pazia, akichambua dagaa kwenye ungo, anasikiliza.

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, bado yuko Norwe. Mimi ndiye niliyemtafutia njia ya kwenda. Ameolewa na mtu anayefanya kazi kwenye meli za uvuvi, wiki sita baharini, wiki sita nyumbani. Mimba yake ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake ndani, mumewe yuko melini, nje giza la mchana kutwa. Sasa alikuwa na ya pili, ya kujifungua mwezi wa pili, na alitaka kitu kimoja tu: mama awe naye. Pasipoti ya mama ikatoka, viza ikatoka. Kiti cha ndege tukashikiwa mpaka Ijumaa ya wiki ya pili, kilipiwe au kiachwe. Ndipo mama akasema haendi.

"Mama, viza imeshabandikwa," nilimwambia.

"Nimeiona. Picha imetoka vizuri."

"Sasa kwa nini huendi?"

"Miguu yangu naihitaji, baba."

Nilidhani anatania. Mama ana tabia ya kutania bila kubadilisha sura. Lakini alirudi kwenye ungo wake, akanyoosha miguu mbele yake kwenye mkeka, akaitazama kama mtu anayetazama mali. Miguu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka Kidahwe shambani na kumrudisha tangu kabla mimi sijazaliwa. Kipupwe kikiingia, hata hapa Ujiji, inamuuma mpaka anaipaka mawese ya moto.

Usiku mdogo wangu alipiga simu. Alikuwa analia bila sauti, ile ya kuvuta pumzi tu. "Kaka, nisaidie kwa hili peke yake. Siwezi kuzaa kwenye nyumba isiyo na mtu." Akasema kule soksi nzito zimejaa madukani, atamnunulia mama hata kumi. Ni kweli zimejaa. Lakini mama asingepanda ndege kwa kutegemea soksi ambazo hajaziona, zilizoko upande wa pili wa dunia. Alitaka kuziona hapa, kwenye sakafu yake.

Kwa hiyo nilimwahidi mama, jirani akiwa anasikia, kwamba nitamfumia soksi ambazo theluji ikiziona itaomba radhi.

Huyo jirani ni mwanamke wa Kidahwe aliyeolewa Ujiji, ana biashara ya samaki, na ana mdomo. Ananiita Bwana Diploma.

"Ego, Bwana Diploma," akasema, kwa ile ndiyo ya Kiha. "Mwanaume mzima na sindano. Ukimaliza soksi utufumie na vitambaa vya kochi."

"Lete kochi kwanza," nikamjibu.

Mama akacheka. Niliona hiyo ni dalili njema.

Nilikuwa na sufu mabonge manne, ya kijivu cha majivu ya jikoni, niliyorudi nayo bila kujua nitaifanyia nini. Nilichukua daftari la hesabu lenye visanduku, nikashuka ufukweni Ujiji mahali wanapotengeneza mitumbwi, nikakaa juu ya kipande cha mbao. Nilitaka msokoto ambao mama ataujua. Bibi wa Norwe alinifundisha misokoto ya kwao, mingine inafanana na mawimbi, mingine na masega ya nyuki, lakini sikuona sababu ya kumvalisha mama mambo ya watu. Pale ufukweni kulikuwa na kamba za kuvutia nyavu zimeanikwa, kamba za nyuzi tatu, nene, zilizosokotwa kwa mkono. Nilihesabu kila uzi unapita juu ya mwenzake baada ya vidole vingapi. Nikachora: kisanduku kimoja, kitanzi kimoja. Vitanzi tisa kwa kamba moja, vitatu vinaruka juu ya vitatu kila mstari wa sita, mara vinaelekea kulia, mara kushoto. Kamba mbili, moja kila upande wa mguu. Katikati, mistari iliyonyooka ya kuvutika. Wavuvi walipita wakaniuliza kama naandikisha mitumbwi kwa ajili ya serikali.

Ukiona mchoro ule utajua niliusomea.

Kilichobaki ni kipimo. Nilikwenda kwa mama na futi yangu ya utepe shingoni, kama fundi yeyote. Alipoiona tu akavuta miguu chini ya kanga.

"Weka hiyo."

"Napima mguu tu, mama. Dakika mbili."

"Nimesema weka. Kamba walimpimia baba yako, hapo hapo ulipokaa. Mimi bado natembea."

Huwezi kubishana na hilo. Kwetu mzee hapimwi kwa kamba akiwa hai, maana kipimo hicho watu wanakijua ni cha sanda na kaburi. Wapo wanaocheka mambo haya, na mimi ningekuwa mmoja wao kama aliyepimwa hapo asingekuwa baba yangu. Nikaweka futi mfukoni. Lakini mtu mwenye stashahada hakwami. Ilipofika alasiri mama alitoka uani kutawadha, akarudi ndani peku, miguu maji, akapita sebuleni kwenye sakafu ya saruji kuelekea kwenye msala. Nyayo zake zilibaki pale zimechorwa kwa maji, kisigino, upande, vidole vitano vilivyotawanyika. Niliruka na kipande cha chaki nikauzungushia unyayo mmoja kabla joto halijaukausha. Mama alipokuwa kwenye rakaa ya pili mimi nilikuwa nimepiga magoti sebuleni na futi yangu, napima sakafu.

Nilijiona mjanja kuliko wanaume wote wa mkoa huu.

Nilifunga karakana siku tatu. Sindano nne zilibeba vitanzi, ya tano ilifuma, na kwa kuvushia misokoto nilitumia spoku ya baiskeli niliyoinoa kwenye jiwe, kwa sababu sindano yangu ya kuvushia niliisahau Norwe, na spoku, niseme ukweli, ni bora zaidi. Kamba ilianza kuonekana sufu ikipanda. Ilikuwa nene, imetuna, ukiigusa macho yamefumba utadhani umeshika kamba ya wavu. Ijumaa soksi moja ilikuwa tayari. Nilikwenda nayo Ujiji imekunjwa kwenye karatasi safi.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliisifu. Alipitisha kidole kwenye kamba, akaniambia, "Hii ni ya wavu," kabla sijamweleza. Kisha akaingiza vidole, akavuta. Ikapita vidole, ikapita unyayo, ikafika kisigino ikasimama.

"Vuta, mama."

"Navuta."

"Vuta kwa nguvu, inanyumbulika."

"Sasa nivute mpaka nikatike? Si wewe uliyesema watu wa huko wanakatika miguu?"

Jirani alikuwa mlangoni amebeba beseni. "Bwana Diploma," akasema, "umempima nani? Umempima kuku?"

Nilijua kosa kabla hajamaliza kucheka. Unyayo wa maji unakupa urefu na upana. Haukupi kimo. Mguu wa mama una mgongo mrefu, umeinuka kama kilima, na saruji haiwezi kuonyesha kilima. Juu ya hapo, msokoto unabana: vitanzi vikirukiana nguo inajikusanya, ndiyo maana soksi za namna hii lazima uongeze vitanzi karibu robo. Hilo mtoto wa mwaka wa kwanza analijua. Mimi nililijua pia. Niliongeza vichache, kwa sababu nilikuwa na vipimo vya miguu ya Norwe kichwani, miguu myembamba iliyokulia ndani ya viatu, na sikujipa muda wa kukumbuka mguu wa mtu aliyekulia ndani ya ndala.

Mama akaivua taratibu. Akainyoosha kwenye paja.

"Na hata ingepita," akasema, "ningeivuaje mara tano kwa siku? Nikitaka kutawadha niite watu wanivute kama muhogo?"

Hilo sikulifikiria hata kidogo. Miaka kumi na mmoja nilifuma soksi za watu wanaovaa asubuhi na kuvua usiku.

"Utamwambia mdogo wako," mama akasema. "Mwambie nimejaribu."

Nikahesabu kwa vidole. Zilikuwa zimebaki siku saba. Jirani akaondoka bila neno la utani, na kwa jinsi ninavyomjua, hiyo ilikuwa ishara mbaya kuliko zote. Ndipo nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga kusema.

"Mama, yule mtu wa vidole. Hakupoteza mguu. Alipoteza vidole viwili. Na mimi sikumwona, nilisimuliwa."

"Najua," akasema. "Mguu wake ulikuwa unapungua kila Ijumaa."

"Sasa?"

"Sasa viwili navyo si vingi? Mimi ninavyo kumi tu."

Lakini alikuwa anacheka kidogo, pembeni ya mdomo. Nikamwomba anipe nafasi ya mwisho. Nikamwambia sitaki kamba, nataka mkono. Alinitazama, kisha akatoa mguu chini ya kanga akauweka juu ya goti langu.

"Mkono pima," akasema. "Huo nimeuzaa mwenyewe."

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili na sikuwahi kuushika mguu wa mama yangu. Ngozi ya kisigino ilikuwa ngumu kama gome, yenye nyufa, na katikati ya unyayo laini kama wa mtoto. Nilipima kwa shubiri, kutoka kisigino kupanda mgongo wa mguu na kurudi: shubiri moja, na vidole vinne, na unene wa kidole gumba. Kifundo, shubiri moja na vidole viwili. Kila kipimo nilikitamka kwa sauti ili nisisahau, na mama akawa anakirudia nyuma yangu kama watoto wa chuoni wanavyorudia baada ya maalimu.

Nilifumua soksi yote. Sufu ilitoka na makunyanzi, nikailowesha, nikaianika kwenye kamba ya nguo Kasingirima. Kisha nikachora upya, na safari hii nilichora kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote nilichosoma. Upande wa nje wa mguu, kati ya nyuzi za kamba, niliacha mpasuko kuanzia chini ya kifundo mpaka juu ya shavu la mguu, wenye ulimi wa sufu kwa ndani ili baridi isipate pa kupita. Mpasuko ukafungwa kwa vifungo vitatu vikubwa vya koti, vya kushikika na vidole vinavyouma. Ukivifungua, soksi inalegea yote na mguu unatoka bila kuvutwa. Ukivifunga, nyuzi za kamba zinakutana na huoni kwamba pamepasuliwa. Kama bibi wa ile nyumba ya wazee angeiona, naamini angekaa kimya tena.

Siku sita, soksi mbili. Wateja wawili wa masweta walikwenda kwa fundi mwingine, na walirudi baadaye.

Alhamisi asubuhi mama alizivaa sebuleni. Zilipita. Alitembea mpaka mlangoni akarudi. Jasho likaanza kumtoka puani, maana ilikuwa Desemba ya Kigoma, mvua imekatika, bati linalia kwa joto.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini hapa hata nikivaa gazeti sitasikia baridi. Nitajuaje?"

Jirani ndiye aliyetoa jibu. "Mama, twende Kibirizi. Kwenye chumba cha baridi cha samaki. Kama soksi za Bwana Diploma ni za uongo, migebuka ya humo ndani itatuambia."

Tulikodi bajaji. Mama alivaa buibui lake, na juu yake jaketi langu la Norwe, linalomfika magotini. Pale Kibirizi wachuuzi waliacha mizani zao. "Mzee anampeleka mama yake kugandishwa!" mmoja akapiga kelele. "Bi mkubwa, ukitoka humo unauzwa kwa kilo!" Mama akamjibu hana haraka, atasubiri bei ipande.

Chumba kile ni cha bati nene, ndani taa moja, makreti ya samaki mpaka juu na barafu sakafuni. Jirani alitandika ubao juu ya barafu. Mama akakataa ndala. "Kama ni soksi, tujaribu soksi." Akapanda ubaoni na soksi peke yake, akaamuru mlango ufungwe. Mimi niliingia naye nikiwa na shati na sandali, kwa sababu nilishawaambia watu wote wa mkoa kwamba baridi tunajuana.

Dakika tano zikapita. Alikuwa anasikiliza miguu yake. Mimi meno yalianza kugongana nikayabana. Kisha mama akafungua mdomo kusema neno, na moshi ukamtoka. Alishtuka. Akapuliza tena makusudi, akautazama unavyopotea.

"Hivi ndivyo ilivyo huko?"

"Nje, ndiyo. Wakati mwingine zaidi."

"Na mtoto akizaliwa anavuta hii?"

"Hapana, mama. Ndani ya nyumba kuna joto. Mtu anakaa na fulana. Nyumba ya mdogo wangu ina joto kuliko sebule yako wakati wa kipupwe."

Alinigeukia na jaketi lote. "Miaka miwili unasimulia barazani, hilo la nyumba zenye joto mbona hukulisema?"

Habari ya watu waliokaa ndani na fulana haimshikishi mtu kichwa.

Alikaa robo saa. Mimi nilitoka dakika ya kumi na mbili, kwa sababu ya simu, na jirani anaweza kusema anavyotaka. Mama alipotoka uso ulikuwa baridi kama sinia, akainama akajishika vidole vya miguu kupitia soksi, kimoja baada ya kingine, vyote kumi, mbele ya wachuuzi.

"Mpigie mdogo wako," akasema.

Nilipiga. Mama akaninyang'anya simu kabla sijasalimia. "Wewe," akasema kwa sauti ya mtu anayedhani Norwe ni mbali kwa masikio pia, "uzuie hapo hapo. Usizae mpaka nifike." Kule upande wa pili nilisikia mdogo wangu anacheka na kulia kwa pamoja, safari hii kwa sauti.

Jirani akaniambia naye anataka jozi, yake isiwe na vifungo kwa kuwa yeye anasali Jumapili tu. Nikamwambia alete mguu.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mama akakaa juu ya kreti lililopinduliwa, akafungua vifungo, akanipa soksi, akateremka peku mpaka kwenye maji ya ziwa kutawadha. Aliswali chini ya banda la mizani. Aliporudi alikaa tena palepale akazivaa, nami nikapiga magoti kwenye mchanga nimfungie.

Akanipiga mkono.

"Toka. Huko nani atanifungia?"

Akafunga cha chini, akafunga cha kati. Cha juu kilimsumbua kidogo, akakitukana, kikaingia.